Ufukwe wa Simiyu nao uchorwe

Naandika nikiwa Bariadi, mkoani Simiyu, na nina ombi kwa wachoraji. Bahari, minazi na vijana juu ya mawimbi vimechorwa sana. Simiyu nayo ina ufukwe, kule Busega, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, lakini mimi sijauona kwenye turubai. Nendeni mialoni alfajiri: mitumbwi inarudi na taa zake, kina mama wanaanika dagaa, ng'ombe wanashuka kunywa maji. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa hiyo ukichora uvuvi wenyewe, mwanga wote wa picha utatoka kwenye taa. Hapo ndipo mchoraji hodari ataonekana! Ila tafadhali, msiichore mitumbwi yetu ikiwa na matengo kama ngalawa, haina.

Wala si lazima mchoraji atoke pwani: mchoraji Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, mbali na bahari, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya bodi. Vitu hivyo viko hata kwenye maduka ya ujenzi hapa Bariadi. Vijana wetu wanaochora mabango ya saluni wana mkono tayari. Halmashauri ziwape kuta za masoko, na ziwalipe.