Waungwana wa Ziwa Mweru

Julai iliyopita, wenzangu wa Idara walipokuwa wakiadhimisha Siku ya Kiswahili kwa vitenge na ngonjera, mimi nilikuwa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Mama mdogo ameolewa huko. Baada ya miaka mingi ya ahadi, mama alituchukua wanawe watatu tukapanda basi mpakani Tunduma, tukapita Kasama na Mansa, tukafika tumevimba miguu. Sikwenda kufanya utafiti. Nilikwenda kula samaki.

Jumamosi ukoo mzima ulikwenda kutembelea maporomoko ya Ntumbachushi, karibu na Kawambwa. Ni eneo la urithi wa taifa, lenye geti na tiketi. Watoto waliyavamia maji ya baridi ya Julai, mama mdogo akafunua sufuria ya ugali na chisense, dagaa wa huko, tukapiga picha mpaka simu zikazima. Sina ugomvi na maporomoko. Ugomvi wangu, ambao ni pamoja na nafsi yangu na nanyi wenzangu, ulianza kesho yake.

Jumapili jioni baba mkwe wa mama mdogo, ambaye wote tunamwita Bashikulu, yaani babu, alitutembeza bandarini. Akauliza kwa Kibemba mimi nasoma nini chuo kikuu. Mama akajibu kwa fahari: "Kiswahili." Mzee akacheka kidogo, akaelekeza fimbo kwenye boti moja iliyokuwa ikipakia mizigo.

"Mwanangu," mama mdogo akanitafsiria, "mzee anasema boti ile inakwenda Kisiwa cha Kilwa. Anasema Balungwana walikaa huko, watu wa hiyo lugha yako."

Nikauliza walikuwa wakifanya nini.

"Wakinunua watu."

Mama alinitazama, kisha akatazama maji. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno moja. Balungwana ni waungwana. Darasani tumefundishwa kwamba muungwana ni mtu huru, mwenye adabu na utu. Neno hilo hilo lilisafiri na misafara hadi Mweru, na huko likabaki kuwa jina la mtu mwenye bunduki na mnyororo. Nimesoma semantiki mihula miwili na sikuwahi kuambiwa hivyo.

Hoja yangu ni hii: sisi wanafunzi wa Kiswahili tunadai urithi nusu. Tunachukua nusu iliyooshwa, ile ya ukombozi, umoja na amani, kisha nusu ya pili tunawaachia watu wa bara waikumbuke peke yao.

Mtasema tunaikumbuka. Hatuendi kila mwaka Bagamoyo? Hatushuki Mkunazini, Zanzibar, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873? Tunakwenda. Lakini pwani tunaonyeshwa mwisho wa safari, na lawama zote tunamtwisha Sultani na Waarabu, kana kwamba lugha iliyotoa amri njiani haikuwa hii tunayoitungia mashairi. Mweru ni mwanzo wa safari. Hapo ndipo mtu alipotoka shambani kwake akiwa na jina, akaanza kutembea.

Tazameni tunavyosoma *Maisha ya Tippu Tip*. Hamed bin Muhammed aliisimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe, nayo ikachapishwa kwanza na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu, na ni halali kuifundisha. Sisi tulijadili mtindo, nafsi ya kwanza na msamiati wa Kiarabu. Hakuna aliyefungua ramani. Mwaka 1867 Tippu Tip alimpiga Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na katika kitabu anahesabu kwa frasila pembe alizozipata. Vita hivyo ndivyo vilivyomchelewesha Livingstone, ambaye hatimaye alifika Mweru Novemba 1867, kwa kufuatana na wafanyabiashara hao hao. Tulihesabu tamathali za semi. Watabwa hatukuwahesabu.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha haina dhambi, wenye dhambi ni watu. Nakubali. Lakini kama lugha haina dhambi, basi haina sifa pia. Hatuwezi kusema Kiswahili kilileta uhuru pale TANU ilipokitumia majukwaani, kisha tuseme hakikuwapo misafara ilipopita. Kama tunaipa lugha heshima ya matendo ya wasemaji wake, tuipe na aibu yao. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Wapo pia watakaosema kwamba hoja hii ni ya mkoloni, na hao nawaheshimu zaidi. Ni kweli wazungu waliutumia utumwa kama kisingizio cha kuigawana Afrika, na pembe zile ziliishia kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Ni kweli pia kwamba watawala wa huku bara, akina Mwata Kazembe wakiwamo, waliuza watu. Lakini tusipolisema sisi, ataendelea kulisema mkoloni peke yake, kwa maneno yake. Kunyamaza hakumkomoi mkoloni. Kunamkomoa Bashikulu.

Mbona Walunda hawaoni haya? Mwansabombwe, barabara hiyo hiyo tuliyopita, kila Julai Mwata Kazembe hucheza Umutomboko, ngoma ya ushindi, hadharani. Hawajifanyi waliota pale kama uyoga. Wanasema: tulitoka Kongo, tukavuka Luapula, tukashinda. Unaweza kubishana nao kwa sababu wamesema.

Sisi tuna Kilwa mbili. Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, nasi hupigana vikumbo kupiga picha kwenye matao yake. Kilwa ya Mweru tunasubiri mzee atuonyeshe kwa fimbo.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, tawasifu ya Tippu Tip ifundishwe pamoja na ramani, na pamoja na masimulizi ya nchi zile alizozipiga. Wenyeji wanayo, na wanafunzi wa fasihi simulizi tupo. Pili, safari zetu za mafunzo zisiishie pwani. Tatu, tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili, kati ya ngonjera kumi za kuisifu lugha iwepo mada moja ya kuiuliza maswali.

Kabla hatujaondoka nilikwenda sokoni na mama kutafuta chisense wa kubeba. Mwanamke mmoja akatusikia tukizungumza, akatuita kwa Kiswahili cha Kongo: "Mama, karibu, njoo uangalie!" Alivuka mpaka na watoto wake wakati wa vita vya mwaka 2017, akapokewa Mantapala, kambi iliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Alitupimia akaongeza, kwa sababu, alisema, tumemsemesha lugha ya kwao.

Kwa hiyo Kiswahili kimefika Nchelenge mara mbili: mara ya kwanza na waliokamata, mara ya pili na waliokimbia. Bashikulu anaishi na habari zote mbili, naye hununua nyanya kwa mwanamke yule bila kinyongo. Kama yeye ameweza kuzibeba zote mbili, sisi tunaopewa shahada kwa lugha hii tunaogopa nini?

Mama aliniuliza swali hilo hilo kwenye basi, kwa maneno mengine: "Na nyinyi mnasoma nini huko, kama hilo hamkulijua?" Nilijifanya nimelala.