Kabla ya kusema ni chuma ulete

Leo nagusa jambo tunalolisemea pembeni: chuma ulete.

Nina duka hapa Mabamba. Kila mwaka kati ya mwezi wa pili na wa nne nasikia maneno yale yale sokoni: mchana droo ilikuwa na hela, jioni hesabu haifiki, basi kuna mtu anavuta. Halafu mtu anatajwa. Mara nyingi ni bibi fulani, au jirani ambaye duka lake linatembea. Kijana mwenye ngumi sijasikia akitajwa hata siku moja.

Mimi naona hivi: hela inapotea kweli. Ila sababu tunaipata haraka mno, kwa kuwa akili ya mtu haitulii na hasara isiyo na mwenyewe.

Tuanze na hela yenyewe. Kama kilo ya sukari inakupa faida ya shilingi 200, na umetoa 3,000 kwenye droo ya mboga na bando, umekula faida ya kilo 15. Nani ameandika? Na sisi wa mpakani tuna faranga. Unaipokea kwa bei ya leo, unakaa nayo, wiki ijayo ukienda kubadilisha bei imeshuka. Hela imepungua ikiwa imefungiwa ndani.

Utaniambia, "Mbona nilipoenda kwa mtaalamu biashara ilirudi?" Sawa, ulienda lini? Ulienda siku umebanwa kabisa, mwezi wa tatu, akiba ya chakula nyumbani kwa watu imeisha na mteja ananunua chumvi tu. Mahindi yakishavunwa hela inarudi mtaani. Ungeamua hata kufagia duka kinyumenyume, bado ingerudi, na wewe ungeusifu ufagio.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika kuhusu njiwa wenye njaa aliowawekea mashine ya kutoa chakula kila baada ya muda uleule, wafanye jambo au wasifanye. Mmoja akawa anazunguka, mwingine anapeleka kichwa huku na huku, kana kwamba hicho ndicho kinaleta chakula. Kumbe chakula kilifuata saa tu.

Na ile ya mteja wa kwanza mwenye nuksi? Ipime. Kwa mwezi mmoja, asubuhi andika mteja wa kwanza alifanya nini: alinunua, alikopa, au aliuliza bei akaondoka. Jioni andika mauzo. Andika siku zote, hasa ile iliyoanza vibaya ikaisha vizuri, maana hiyo ndiyo tunaisahau. Ile iliyoanza vibaya ikaisha vibaya tunaisimulia mwaka mzima.

Nalisema hili kwa sababu maneno ya sokoni hayaishii sokoni. Oktoba 2014, kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu 7 waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Watu 23 walifikishwa mahakamani kwa mauaji, mganga mmoja akiwemo. Wengi wenu mnapita Kasulu kufuata mzigo, si mbali. Na Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inamhesabu mkosaji hata yule anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi. Kwa hiyo ukimnyooshea bibi wa watu kidole kwa sababu ya elfu nane iliyopungua, mwenye kesi unaweza kuwa wewe.

Mwezi ukiisha, daftari limekamilika, matumizi ya nyumbani yameandikwa, madeni yameandikwa, na bado hela haifiki, kaa na anayekubakizia duka ukiwa shamba. Naye muulize mkiwa wawili tu, daftari likiwa mezani.