Matokeo Yasiyopikwa: Funzo la Maisha ya Trevor Weekes

Kuna desturi moja katika maabara za shule ambayo kila mwalimu wa sayansi anaijua. Mwanafunzi hupima mchapuko wa uvutano wa dunia kwa pendulamu, akapata 8.6. Akikumbuka kwamba kitabu chasema 9.8, hufuta tarakimu yake na kuandika 9.7. Huko ndiko kupika matokeo. Alama huzipata, lakini funzo alilolipata ni kwamba maumbile yakipingana na kitabu, kosa ni la maumbile.

Dhidi ya desturi hiyo yafaa kuyatazama maisha ya Trevor Weekes, mwanafizikia aliyezaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1940, akafanya kazi Marekani, na kufariki mwaka 2014. Weekes alitafuta mionzi ya gama kutoka angani. Mionzi hii ni ya jamii moja na mwanga, ila chembe moja ya ile aliyoitafuta yeye hubeba nishati mara mamia ya mabilioni kuliko chembe ya mwanga wa kawaida.

Mionzi ya gama hunaswa na angahewa kabla ya kufika ardhini. Ndiyo sababu wataalamu wengine walipeleka vyombo vyao juu. Setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kwa kazi hiyo tarehe 15 Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Lakini mionzi yenye nishati kubwa kabisa ni haba mno: hata kutoka chimbuko lenye nguvu, eneo la mita moja ya mraba hupokea michache tu kwa mwaka. Hakuna setilaiti yenye upana wa kutosha kuivua.

Weekes na wenzake walichagua njia nyingine. Mwonzi wa gama ukigonga angahewa huzaa mvua ya chembe, na chembe hizo hutoa mmweko hafifu wa buluu, unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde, na kumulika ardhini duara lenye upana wa mita zipatazo 250. Ili kuunasa, darubini yenye kioo cha upana wa mita 10 ilijengwa mwaka 1968 katika Mlima Hopkins, Arizona. Tatizo lilikuwa moja. Chembe za kosmiki, zinyeshazo kutoka kila upande wa anga, huzaa mimweko kama hiyo, na kwa kila mmoja wa gama kuna mamia ya aina hiyo nyingine.

Miaka ikapita. Mwaka 1972 kundi lake lilitoa taarifa ya dalili kutoka Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1054, lakini dalili hiyo haikutosha kuondoa shaka. Katika miaka iliyofuata makundi mbalimbali yalitangaza vyanzo vingine ambavyo havikuthibitika. Weekes alikuwa miongoni mwa waliozipima taarifa hizo kwa ukali.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Lakini subira ya Weekes haikuwa ya kukaa na kungoja. Jicho moja la darubini lilibadilishwa kwa kamera yenye macho 37, iliyoweza kuona umbo la kila mmweko. Michael Hillas wa Leeds, Uingereza, alionyesha mwaka 1985 jinsi umbo la mmweko wa gama linavyoweza kutofautishwa na mengine. Mwaka 1989, miaka 21 baada ya darubini kujengwa, Nebula ya Kaa ilithibitishwa bila shaka yoyote.

Mlango ukafunguka. Mwaka 1992 kundi hilo lilitangaza mionzi hiyo kutoka Markarian 421, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 400 hivi. Katika kiini chake shimo jeusi hurusha mkondo wa chembe ulioelekea karibu sawasawa duniani. Mwezi Mei 1996 mng'aro wake uliongezeka maradufu kwa muda wa saa moja hivi, ishara kwamba chimbuko lake ni dogo mno likilinganishwa na galaksi nzima. Leo vyanzo vya mionzi hiyo vinavyojulikana vyazidi 200, na baadhi vimegunduliwa na darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia.

Kama Weekes angalihukumiwa kwa taarifa ya mwaka mmoja mmoja, darubini ile ingalifungwa mapema. Na kama angaliridhika na dalili hafifu, jina lake lingalisahauliwa pamoja na vyanzo vile visivyothibitika.

Itasemwa kwamba madarasa yamejaa, vifaa ni vichache, na mtihani hudai jibu. Ni kweli, lakini kuandika 8.6 hakuhitaji kifaa kipya. Kunahitaji mwalimu atakayempa alama mwanafunzi aliyeiacha tarakimu yake ilivyo, kisha akaeleza kosa lilikoweza kutoka: uzi uliopimwa vibaya, saa iliyochelewa kusimamishwa, au mizunguko iliyohesabiwa pungufu. Mwanafunzi huyo ameanza kazi ileile iliyofanywa Mlima Hopkins kwa miaka 21. Yule aliyeandika 9.7 bado hajaianza.