Huruma Inayomlemaza Mtoto

Mtoto akigongwa na bodaboda au akianguka kutoka mwembeni, akalazwa kwa kuumia ubongo, siku akirudi nyumbani ukoo mzima hutoa amri moja: asisumbuliwe. Basi atalishwa, atavishwa, hata akiulizwa hali yake mama ndiye anayejibu. Tunayaita hayo mapenzi. Mimi nasema ni kumnyima dawa, maana ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kutumika. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alionyesha kwa majaribio ya kima kwamba mkono unaweza kuachwa kabisa ingawa bado una uwezo, kwa sababu tu mwenyewe amezoea kutoutumia. Ule mzima ulipofungwa, ule mbovu ukaanza kazi. Leo tiba hiyo ya kuufunga mkono mzima hutumika kwa watoto. Hata kwa mtikisiko wa ubongo, wataalamu wa michezo waliokutana Berlin mwaka 2016 walishauri mapumziko ya siku moja au mbili, kisha shughuli zirejeshwe pole pole.

Wapo wasemao, apone kwanza, mengine baadaye. Baadaye ndiko kwenye mtego. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, hivyo jeraha la darasa la kwanza laweza kujitokeza sekondari, masomo yanapodai mpangilio. Aliyepangiwa kila kitu atakuwa na nini mkononi siku hiyo? Wengine wanahofia ataungua au atagongwa tena. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa kwa mwenye kifafa: jikoni, kisimani na barabarani mtu mzima awe karibu. Ila kukaa karibu si kumfanyia. Majirani watasema mama hana huruma, waseme.

Hoja nzito ni ya muda. Saa kumi na mbili asubuhi, gari la shule linapiga honi, nani atasubiri vidole vinavyotetemeka vifunge shati? Wataalamu wa tiba kwa vitendo wana njia: mzazi hufunga vifungo vyote ila cha mwisho, mtoto humalizia hicho kimoja, akikizoea, huachiwa viwili. Kila mara yeye ndiye mmaliziaji, na muda unaopotea ni mchache. Kesho akivaa sare, mwachie kile cha mwisho, kisha weka mikono yako nyuma.