Goma na Bukavu: Disiki ya akiba inayolala pamoja na ordinateri haitoshi

Kila mara hali ya usalama inapoharibika hapa Mashariki, watu wa biro wanarudi kwa wauzaji na swali lile lile: disiki gani ni nzuri ya kuwekea kazi zetu? Muuzaji anataja jina la kampuni, idadi ya giga na bei kwa dola. Wanalipa, wanaondoka, na jioni disiki mpya inawekwa ndani ya mfuko mmoja na ordinateri. Hapo ndipo shida inaanza. Kabla ya kuuliza disiki inabeba giga ngapi, ni vema kuuliza kitu gani kinaweza kuichukua.

Disiki inakufa pia yenyewe, hilo tunalijua. Umeme unakatika wakati inaandika, unarudi kwa nguvu kupita kiasi, au disiki inaanguka toka mezani. Lakini matukio makubwa ya miaka hii hayakuchagua kifaa kimoja. Yalichukua nyumba nzima, au yalifunga mji mzima.

Tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ililipuka na moto wake ukafika karibu na Goma. Siku tano baadaye, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke. Watu walielekea Sake, Rutshuru, Rwanda, wengine walipanda mashua hadi Bukavu. Mtu anayebeba mtoto na godoro hana nafasi ya kufikiria disiki iliyobaki katika droo ya biro. Kisha ukaja mwaka wa 2025: waasi wa M23 waliingia Goma mwisho wa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Katika miji yote miwili maduka, depo na ofisi viliporwa. Goma ilikosa umeme na intaneti kwa siku kadhaa. Anayepora ordinateri hatenganishi: anabeba pia disiki iliyo pembeni yake.

Na tusidhani kwamba ni ubaya wa nchi maskini tu. Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliopoteza kila kitu, kwa sababu kopi yao ya akiba ilikuwa palepale penye moto. Septemba 2025 ikawa zamu ya Korea ya Kusini: moto wa betri katika kituo cha serkali mjini Daejeon uliharibu tera 858 za kazi za watumishi wa serkali. Hifadhi hiyo haikuwa na kopi mahali pengine. Ilisemekana kuwa ni kubwa mno kukopiwa. Nchi inayotengenezea dunia nzima vifaa vya kuhifadhia ilikosa kopi moja ya nje.

Ndiyo maana watu wa kazi hii wana kanuni ya zamani: kopi tatu, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ilale mbali. Kwa maoni yetu, hapa kwetu hiyo ya mwisho inapita zote. Mbali si mtaa wa pili. Kwa biro ya Goma, mbali ni Butembo, Kinshasa, au intaneti.

Intaneti ina bei yake, na hesabu si ngumu. Ukiwa na laini inayopandisha megabiti moja kwa sekunde, giga 10 zinahitaji saa 22 hivi, kama haikatiki. Picha na video za mkutano hazitapita. Lakini daftari la wagonjwa, orodha ya wanachama, mikataba ya mashamba na TFC ya mwanafunzi ni maandishi tu. Mara nyingi vyote pamoja havifiki giga moja, na Google inatoa giga 15 bila malipo. Kwa hiyo maandishi yapande intaneti kila juma, na vitu vizito viende kwenye disiki mbili zinazobadilishana: moja biro, moja kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine. Anayesafiri anapeleka moja na kurudisha nyingine.

Flashi tusiitegemee. Inafaa kubeba kazi hadi kwa mtu wa kuchapisha, basi. Sokoni kuna nyingi zinazojitangaza kuwa na tera moja kumbe ndani ni giga 32. Zinapokea fishie bila kulalamika, na siku ya kufungua hakuna kitu. Tena, kuna wanaoamini kwamba foldari inayojituma yenyewe kwenye intaneti ni akiba. Ukifuta fishie kwenye ordinateri, inafutika na huko juu, na katika Google Drive kapu la takataka linashikilia siku 30 peke yake. Vilevile disiki iliyochomekwa mchana na usiku inapata virusi pamoja na mashine. Ikisha kukopi, ichomolewe.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji halitaji. Mashirika ya haki za binadamu na hospitali zetu yanaandika majina ya watu waliobakwa, ya mashahidi, ya wagonjwa. Kopi ya tatu ni pia hatari ya tatu. Sheria ya digitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde, na kwa watu hao ulinzi unaweza kuwa swali la uhai. Disiki ifungwe kwa neno la siri. Programu ya VeraCrypt inafanya kazi hiyo bila malipo. Hata hivyo, barabara zetu zina barieri, na mtu mwenye silaha anaweza kudai neno hilo. Orodha kama hizo zisisafiri mfukoni mwa mtu hata kidogo: zifungwe kwanza, kisha zipite intaneti, na anayesafiri asilijue neno la kuzifungua.

Lakini nani alijue? Katika mashirika madogo, mara nyingi ni karani mmoja. Akikimbilia Uganda na simu yake ikazimika, shirika lina kopi tatu na haliwezi kufungua hata moja. Neno liwe kwa watu wawili wanaoishi miji tofauti, na kila miezi mitatu mmoja wao ajaribu kufungua kopi ya mbali kwenye ordinateri nyingine, asome fishie chache, aone kama kweli zinafunguka.