Uzamili wa Sheria Ng'ambo: Mwanetu wa Nyeri Aende?



Barua iliyotushughulisha wiki hii imetoka Nyeri, mbali na upepo wa bahari, ingawa aliyeiandika ni mtoto wa Pwani. Ameolewa huko bara, mumewe ni mwalimu, wana binti wa miaka mitatu, na yeye mwenyewe ni wakili aliyeapishwa miaka sita iliyopita. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili wa sheria mjini London, masomo ya mwaka mmoja. Ufadhili hakupata. Shemeji yake yu tayari kuuza kiwanja ili amsaidie karo, na kitakachopungua ameshauriwa akikopee benki. Mama yake mzazi, aliyeko Mombasa, anamwambia aende. Mama mkwe, anayekaa Majengo pale pale Nyeri, hasemi neno, na kimya hicho kinamlemea mwanetu kuliko maneno. Anatuuliza: aende au asiende?

Uamuzi ni wake na mumewe. Lakini barua ile ina sababu mbili, moja ameiweka mwanzoni na nyengine ameificha mwishoni, nasi tunaona ile ya mwisho ndiyo yenye uzito.

Sababu ya kwanza ni kwamba wenzake aliosoma nao wameshakwenda na kurudi, naye anahisi ameachwa nyuma. Hili tulipime bila haya. Katika nchi yetu, anayemfanya mtu kuwa wakili ni shahada ya kwanza ya sheria, Chuo cha Sheria cha Kenya, mitihani ya uwakili na kiapo. Yote hayo mwanetu anayo. Uzamili wa London hautamwongezea haki ya kusimama mbele ya hakimu wa Nyeri, Karatina wala Nanyuki. Wala hautamfanya wakili wa Uingereza, kwani wao nao wana mitihani yao. Kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu, uzamili ni ngazi ya lazima, na juu yake kuna uzamivu. Kwa mwenye ofisi ya uwakili katika mji wa mlimani, wateja hawaji kwa sababu ya cheti kilichotundikwa ukutani.

Sasa tuije ile sababu ya pili, ambayo ameitaja kwa mistari minne tu. Anasema wajane wa Kiislamu wa miji ile humjia na makaratasi ya ardhi, naye hubaki akijua nusu ya jibu.

Sisi tuliozoea Mombasa na Lamu, ambako mirathi ya Muislamu mara nyingi ni baina ya Waislamu watupu, huenda tusilielewe jambo hili upesi. Nyeri, Embu na Meru, Waislamu ni wachache na jamaa wamechanganyika. Chukueni mfano wa mtu aliyesilimu ujanani, akaoa, akazaa, kisha akafa. Shamba analoliacha halijawahi kuandikwa jina lake. Hati ingali kwa jina la babu yake, aliyekufa si Muislamu. Ndugu zake ni Wakristo. Mjane anataka haki yake na ya watoto. Kwa sheria gani?

Mahakama ya Kadhi iko Nyeri, lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa uwezo juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale tu wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kuikubali mahakama hiyo. Ndugu za marehemu si Waislamu, basi mgogoro unakwenda mahakama nyengine. Mali ya babu itagawanywa kwa Sheria ya Mirathi ya nchi, Sura ya 160. Fungu la mumewe likishatoka humo, hapo ndipo mirathi ya Kiislamu inapoingia, kwa sababu tangu marekebisho ya 1990 sheria ile ya nchi haiigusi mali ya aliyekufa Muislamu. Kwa sheria ya nchi, mjane mwenye watoto hupewa kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote bila kuimiliki. Kwa sheria yetu hupata thumni yake, sehemu moja katika nane, ikawa milki yake kamili. Shamba moja, sheria mbili, na mjane amekaa kwenye benchi nje ya ofisi akisubiri kuambiwa ni zamu ya ipi.

Na mambo haya yanazidi kupamba moto. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika mgogoro uliotoka Pwani kuhusu mirathi ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na sehemu kubwa ya hoja ilikizunguka kifungu cha 24(4), kinachoeleza ni kwa kadiri gani usawa wa Katiba unaipisha sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi. Masheikh wetu walikuwa na la kusema, na mawakili wao. Waliopungua ni wale wanaoweza kuyasema yote mawili kwa ulimi mmoja, wakasikilizwa msikitini na mahakamani. Wanawake miongoni mwao ni wachache zaidi, na wajane wengi wana mambo ambayo hawatamweleza mwanamume.

Mwanetu, ikiwa hilo ndilo linalokusukuma, basi twaona unayo haja ya kusoma. Lakini je, masomo uliyokubaliwa ndiyo hayo? Umetuandikia kwamba ni sheria ya biashara ya kimataifa. Ni elimu nzuri, ila haitamjibu mjane wa Majengo. Huko huko London, chuo cha SOAS hufundisha uzamili wa sheria ya Kiislamu. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia, kilichoanzishwa 1983, kina kitivo kinachosomesha sharia na sheria za kiraia bega kwa bega. Malaysia, tukumbushane, iliteua wanawake wawili kuwa majaji wa mahakama zake za sharia mwaka 2010. Karibu zaidi kuna Zanzibar, pale Tunguu, na Mbale nchini Uganda, ambako mtu hufika kwa basi.

Tukija kwenye mtoto, tunasikitika kukupa habari ambayo wakala wako, kwa unavyoeleza, hakukupa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani kuja na mume au watoto. Ruhusa imebaki kwa wanaofanya utafiti, kama wa uzamivu, na kwa wachache wenye ufadhili wa serikali. Kwa hiyo ule mpango wa binti kukufuata Desemba haupo. Mtoto wa miaka mitatu atakuwa wa minne utakaporudi. Si kusudi letu kukutisha. Wako mama waliokwenda na watoto wakalelewa vyema na bibi zao, na wako waliokwenda wakakatiza masomo. Lakini bibi huyo wa kulea ni yule yule asiyesema neno, nasi tukiisoma barua yako hatuoni mahali popote ulipomuuliza. Nenda Majengo ukakae naye. Mweleze miezi ni mingapi, nani atampeleka mtoto chekechea, nani ataamka usiku akipata homa ya baridi ya Nyeri. Huenda kimya kile ni cha mtu anayesubiri kuheshimiwa.

Kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu, wanazuoni wamehitilafiana, na wako wa zama hizi wanaoruhusu pakiwepo amani ya njia na makaazi. Muulizeni sheikh mnayemwamini, wewe na mume wako pamoja, kabla ya kulipa chochote.

Kuhusu pesa tutasema kwa ufupi. Mkopo wa riba usiuchukue. Elimu hii ni ya kuwatetea watu kwa sheria ya Allah. Usiianze kwa kuivunja. Za Kiislamu ziko benki hapa nchini, waulize kama wana njia ya halali ya kugharimia karo. Na kiwanja cha shemeji, je, ni zawadi au ni deni? Wewe wakili unajua nini hutokea baada ya miaka kumi ndugu wakigombana. Suratul Baqara imetuamrisha kuandika madeni. Andikeni, mweke mashahidi. Kisha hesabuni yote, si karo pekee. Viza ya Uingereza inataka pesa za karo na za kujikimu hadi miezi tisa zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na juu yake kuna ada ya matibabu ya pauni 776 kwa mwaka.

Rai yetu ni kwamba mwaka huu usiende, na uitumie miezi hii kwa jambo moja. Hukumu za mahakama zetu huchapishwa bure na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria. Kusanya zile za mirathi ya Waislamu zilizotoka Nyeri, Meru, Embu na Nanyuki, uone majaji wamezitatua vipi, wapi wamepingana. Ukimaliza utakuwa na swali lako mwenyewe, na swali ndilo wanalolitafuta watoa ufadhili. Chevening ya serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipa karo, nauli na posho, na humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kisha arudi nyumbani kwa miaka miwili. Uzoefu huo unao. Fomu hufunguliwa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Agosti.

Utasema umri unakwenda. Jaji Mkuu Martha Koome, mzaliwa wa Meru, upande wa pili wa huo mlima mnaouona madirishani, alihitimu shahada ya kwanza Nairobi mwaka 1986. Uzamili wake wa sheria, wa Chuo Kikuu cha London, aliupata 2010, akiwa ni jaji tayari. Hata Profesa Wangari Maathai, mtoto wa Nyeri aliyepelekwa Kansas mwaka 1960 na kusoma uzamili Pittsburgh, shahada yake ya uzamivu aliichukua Nairobi, 1971.

Swali istikhara, lakini baada ya kuuliza na kuhesabu.

Na kwa wasomaji wetu: ikiwa mna binti, dada au jirani aliyesomea sheria Malaysia, Sudan au Uingereza akiwa na mtoto mdogo, mwambieni atuandikie, hususan aeleze alimwacha na nani na ilikuwaje. Barua tutamfikishia mwanetu bila kutaja jina.