Haya zetu na sindano ya kalio

Sisi wa cherehani huku Makambako tunapima nyonga za wanawake kutwa nzima, na jambo moja hatubishani tena: hakuna miili miwili iliyo sawa. Mwengine nyonga ya kushoto imeizidi ya kulia, gauni ukilikata sawasawa linakwenda upande.

Ndani ya mwili nako ni hivyohivyo. Mshipa wa fahamu mnene kuliko yote, unaoitwa siatiki, hutoka chini ya mgongo, hupita ndani ya kalio na kuteremka nyuma ya paja. Kwa watu wengi hupita mzima chini ya msuli uitwao pirifomisi, ukaja kugawanyika mara mbili huko karibu na goti. Lakini si wote. Mwaka 1937 Beaton na Anson wa Marekani walipanga namna sita za mshipa huo kupishana na msuli huo. Kuna watu ambao sehemu yake hupenya katikati ya nyama. Jirani zetu wa Nairobi walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa miguu 164, na karibu mmoja katika kila mitano mshipa ulikuwa umeshagawanyika mle ndani ya nyonga. Si ugonjwa huo. Mtu anazaliwa nao, anazeeka nao, hajui.

Linalotuudhi ni sindano. Baridi ya Njombe mwezi wa Juni na Julai hubana vifua, na bi harusi ambaye siku zimemfika hataki kusikia habari ya vidonge. Anataka achomwe apone kesho. Basi anaingia kichumba cha nyuma ya duka, na kwa haya anashusha sketi vidole viwili tu. Mchomaji naye anakisia. Sehemu ya kalio inayofaa ni robo ya juu, upande wa nje, na haijulikani iliko mpaka kalio lote lionekane. Ukichoma katikati au chini, unaweza kuupiga mshipa: mguu unakufa ganzi, unyayo unaning'inia, mtu anatembea akiburuta. Na mshipa wenyewe, kama tulivyosema, hauko pale pale kwa kila mtu.

Kwetu sisi haya ni pambo, lakini zina mahali pake. Omba muuguzi mwanamke. Kama hayupo, ulizia kama dawa hiyo yaweza kuchomwa ubavuni mwa nyonga au upande wa nje wa paja, au kama ipo ya kumeza. Mara nyingi ipo. Somo anayemfunda mwari amwambie na hili, si mambo ya udi na liwa peke yake.

Na akihisi umeme unashuka mguuni sindano inapoingia, aseme hapo hapo itolewe. Mguu ukibaki na ganzi, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hina yake bado mbichi.